Mgonjwa wa Mtihani

Kanga ilikuwa imegandana na kidonda, na wodini hakukuwa na maji ya chumvi ya kuilowesha. Aneth aliomba maji yaliyobaki kwenye chupa ya chai ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, akayapoza, akayadondosha kwenye pindo la kanga, akangoja. Bibi Loisi alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, uso ameugeuzia ukuta. Hakulia. Kanga ilipovutika kidogo, vidole vya mguu wake wa kushoto vilijikunja. Vya mguu wa kulia havikuwa na habari.

"Vumilia, bibi. Inatoka."

"Vuta tu, mjukuu. Hii imenishika kuliko ndugu zangu."

Ikatoka, na kipande cha ngozi nacho kikatoka. Kidonda kilikuwa juu ya nyonga, kipana kama kiganja cha mtoto, kingo zake nyeusi, katikati chekundu. Chuoni wanafunzi wa uuguzi walifundishwa kwamba kidonda cha namna hii ni aibu ya muuguzi, kwa sababu mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe mara kwa mara, usiku na mchana. Sawa. Lakini Bibi Loisi alilala kitanda kimoja na mama mwingine, mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kumgeuza mmoja ilikuwa ni kumwangusha mwenzake. Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Aneth alikikausha kidonda kwa kitambaa cha mwisho cha gozi, akakifunga kwa plasta aliyoinunua mwenyewe.

"Huyu ndiye mgonjwa wako wa mtihani?"

Sista Emiliana, inchaji wa wodi, alikuwa amesimama nyuma yake na bunda la funguo mkononi.

"Ndiyo, sista."

"Wodi nzima hii umemwona huyu? Kuna binti pale mlangoni ana malaria, anacheka peke yake tangu asubuhi. Ungemchukua yule ukamaliza shughuli yako."

"Huyu nimeshamtengenezea mpango wa uuguzi, sista."

"Mpango." Sista alilitamka neno hilo kama mtu anayelitazama tunda bovu sokoni. "Haya. Ila ujue hicho kitanda kinangojewa na wengi. Siku nikisikia bibi anaweza hata kujikokota chooni peke yake, anaondoka. Sina pa kulaza watu."

Isije ikadhaniwa kwamba Sista Emiliana alikuwa mtu mbaya. Zamani aliwahi kutoa damu yake mwenyewe kwa mgonjwa asiyemjua, akarudi kazini siku ileile. Lakini alikuwa amechoka, na mtu akichoka kiasi kile hana tena nafasi ya kuwa mwema hata akitaka. Alipita katikati ya vitanda akiruka miguu ya waliolala chini, akaenda zake.

Bibi Loisi aliletwa na jirani yake, Filipo, kutoka kijiji cha ndani kabisa huko Bahi, juu ya lori la mkaa. Kiharusi kilimwangusha akiwa anatayarisha shamba. Mume alikwishafariki. Mwanawe wa pekee, Joel, alikwenda machimboni Geita akiwa kijana, na habari zake ziliishia hukohuko. Filipo alimlaza bibi kitandani, akanunua sabuni na ndoo, akakaa naye mpaka mvua ya kwanza iliponyesha. Huku mvua ikichelewa kama ilivyochelewa mwaka huu, ikianza hakuna mwenye akili anayebaki mjini. Filipo aliaga kwamba atarudi akishapanda na kupalilia, na hakuna aliyemlaumu. Bibi akabaki bila mtu wa kumfulia, kumlisha wala kumbeba chooni, na katika hospitali ile mgonjwa asiye na ndugu alikuwa kama mtu aliyesahauliwa stendi.

Aneth alimchagua yeye kwa sababu mbili. Ya kwanza alimhurumia. Ya pili hakupenda kuikiri: bibi alifaa kwa nadharia.

Maana huu ulikuwa mtihani wake wa vitendo kwa mara ya pili. Mwaka uliopita mtahini alimuuliza ni nadharia gani ya uuguzi iliyomwongoza, naye kwa uchovu akajibu kwamba hakuna, alimfanyia mgonjwa kilichowezekana. Watahini walicheka, kisha wakamfelisha. Chuoni ukifeli mara mbili unaachishwa, na Aneth alikuwa wa kwanza kwao kufika hapo alipofika. Mama yake, aliyewalea watoto wanne katika chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Nkuhungu kwa kupika na kuuza vitafunwa, alikwisha kuwatangazia majirani kwamba ana binti nesi. Kwa hiyo safari hii Aneth alizisoma nadharia kama anayesomea ukasisi.

Aliyoipenda ni ile ya kujihudumia. Mwalimu wao, Madam Erica, aliifundisha vizuri, darasani penye feni, mbele ya mdoli wa plastiki aliyelala kwenye shuka mbili nyeupe. Mtu, alisema, ni mtu mzima hata akiwa hoi. Kazi ya muuguzi ni kuziba lile pengo la yale ambayo mgonjwa hawezi kujifanyia, na kuliacha linapopungua. Ngazi zake ni tatu. Ya kwanza, muuguzi anamfanyia mgonjwa kila kitu. Ya pili, wanagawana. Ya tatu, mgonjwa anajifanyia mwenyewe, muuguzi anabaki kumshauri na kumtia moyo. Ngazi ambamo ndugu wanafanya kila kitu huku muuguzi akipita mbio na sindano haikuwemo, na hakuna mwanafunzi aliyeuliza.

Lakini Aneth aliiamini. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndilo lililomponza. Aliiamini tangu siku ya mlenda.

Mkono wa kulia wa bibi ulikuwa umepooza pamoja na mguu. Kwenye mpango wake Aneth aliandika kwamba mgonjwa afundishwe kula kwa mkono wa kushoto, na Madam Erica akaipigia sentensi hiyo alama ya vyema. Wodini, bibi aliutazama mkono wake wa kushoto, kisha akamtazama Aneth.

"Huu?"

"Huo, bibi."

"Mkono huu naendea nao chooni toka nizaliwe. Niutie kwenye chakula, watu wananiangalia? Afadhali nilale njaa."

Akalala njaa kweli, na kesho yake pia. Kitabuni hapakuwa na mstari unaosema mgonjwa akiona haya ufanye nini. Siku iliyofuata Aneth alikuja na ugali wa uwele na mlenda aliopikiwa na mama yake, akavuta ndoo akaikalia kando ya kitanda, akanawa mkono wa kushoto tu. Ule wa kulia akauficha mgongoni. Akaanza kula.

Hakujua kumbe ni kazi. Tonge lilikuwa linamponyoka, mlenda ukamvutika kutoka bakulini mpaka kidevuni, ukadondokea kwenye sare nyeupe. Mama mmoja aliyekuja kumwona mgonjwa wake alisonya, akasema watoto wa siku hizi hawana adabu hata hospitalini. Aneth aliendelea kula, masikio yakimwaka moto. Bibi Loisi alimtazama kwa muda mrefu, halafu akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja wa mdomo, cha kwanza tangu aletwe.

"We binti, kwenu wanajua unakula hivyo?"

"Hawajui, bibi. Usinisemee."

Bibi akanyoosha mkono wa kushoto, akachota. Wakala wote wawili hivyo hivyo, wakidondokewa mlenda kama watoto, na wodi nzima ikitazama. Tangu siku hiyo bibi alijifunza haraka. Alijifunza kujivuta kwa kushika chuma cha kitanda, kujigeuza, kukaa, hata kusimama kidogo Aneth akiwa amemshika kiunoni. Kila jambo jipya alilifanya akimtazama Aneth usoni, kuona kama amefurahi.

"Wananitoa lini?" aliuliza siku moja.

"Hutoki mpaka kidonda kifunge na Filipo aje kukuchukua. Mimi nipo."

"Kule kwangu hakuna mtu wa kufungua mlango."

"Najua, bibi. Ndiyo nikasema hutoki."

Aneth alisema hivyo kwa moyo mmoja. Mamlaka ya kusema hivyo hakuwa nayo, lakini bibi hakujua, akaitika na kulala.

Mchana wa siku moja kabla ya mtihani, Aneth alimweleza kwamba kesho watakuja wageni, walimu wake. Atamwomba ajigeuze, akae, ale kidogo. Basi. Hapo ndipo alipokosea, maana bibi aliuliza swali ambalo mgonjwa hakutakiwa kujibiwa.

"Wasipofurahi, watakufanya nini?"

Aneth angeweza kucheka tu. Lakini alikuwa na hofu, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

"Watanifukuza chuo, bibi."

Bibi Loisi akaushika mkono wa Aneth kwa mkono wake wa kushoto, akaubana kwa nguvu ambazo Aneth hakujua kama bado anazo.

Asubuhi ya mtihani wodi haikutambulika. Stoo ilikuwa imefunguliwa, na mashuka ambayo wagonjwa hawakuwahi kuyaona yalitoka yakiwa na mikunjo ya kabatini. Kila kitanda kililala mtu mmoja. Waliobaki, akiwemo yule mama wa mzungu wa nne, walihamishiwa barazani upande wa nyuma na kuambiwa wasikohoe sana. Madirisha yalifutwa. Sakafu ilinuka dawa. Bibi Loisi alivalishwa gauni la hospitali, akalazwa katikati ya weupe ule, akapapasa shuka kwa kiganja.

"Leo kafa nani?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, bibi. Wageni."

Wageni walikuja watatu: Madam Erica, katibu wake, na mtahini wa nje, Bwana Abdulwahab, aliyetokea ofisini kwake Mtumba, kwenye mji wa serikali, akiwa na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Sista Emiliana alisimama miguuni mwa kitanda, mikono nyuma. Bwana Abdulwahab alimwamkia bibi vizuri tu, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia marahaba na kuongeza "Mbukwa", salamu ya Kigogo, jambo lililomfurahisha sana mtahini.

"Haya, Aneth. Nadharia gani imekuongoza, na kwa nini?"

Aneth alieleza. Alieleza pengo, akaeleza ngazi. Madam Erica alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi kama mama anayesikiliza mwanawe akisali.

"Na kwa nini hukutumia nadharia ya mazingira? Hewa, mwanga, usafi, utulivu. Mgonjwa mwenye kidonda cha kulala, mimi ningeanzia hapo."

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa, akajizuia. Aneth aliyatazama mashuka. Alimwona Sista Emiliana akimtazama.

"Kwa sababu mazingira ya wodi hii tayari ni mazuri," alisema.

"Vizuri sana. Muuguzi haanzii pasipo na tatizo. Tuonyeshe mgonjwa wako."

Bibi Loisi alishika chuma, akajigeuza. Akajivuta, akakaa. Kiliwekwa kibakuli cha uji mbele yake, akanywa kwa kijiko, mkono wa kushoto, bila kumwaga. Madam Erica alimnong'oneza mtahini kitu. Aneth alianza kushusha pumzi. Hapo ndipo bibi aliposema, kwa sauti ya kutangaza:

"Na kusimama najua."

"Hapana, bibi, inatosha," Aneth alisema.

"Mwache," alisema Bwana Abdulwahab. "Mwache mgonjwa aongoze. Si ndiyo nadharia yako?"

Bibi aliteremsha mguu mzima, akauvuta ule mwingine kwa mkono kama anayevuta mzigo. Akasimama. Aneth alitaka kumsogelea, bibi akamkatalia kwa macho. Akashika chuma cha kitanda, akapiga hatua. Akashika kabati dogo, akapiga nyingine. Kati ya kabati na dirisha hapakuwa na kitu cha kushika, na bibi akapita hapo bila kushika kitu, mguu wa kulia ukisuguana na sakafu, jasho limemtoka mpaka kwenye nyusi. Akafika dirishani. Akageuza uso, akamtazama Aneth usoni kama kawaida yake.

Watahini walipiga makofi. Mgongoni mwa bibi, kwenye gauni, ubichi ulianza kujitokeza juu ya nyonga, wa manjano kwanza, halafu mwekundu. Aneth aliuona kabla ya wengine. Alisogea haraka akasimama katikati, akamshika bibi mkono kama anayempongeza, na sare yake ikauziba ubichi ule machoni pa watahini. Hakufikiri. Mwili wake ulifanya hivyo wenyewe, na aliona aibu wakati uleule.

"Sasa nina swali moja," alisema Bwana Abdulwahab. "Kwenye mpango wako umeandika mgonjwa yuko ngazi ya pili, bado anahitaji kusaidiwa. Mimi nimeona anakula, anakaa, anatembea. Ama hujui kumpima mgonjwa wako, au hujaielewa nadharia. Yuko ngazi gani?"

Aneth alisikia mguu wa bibi ukitetemeka. Aliusikia kupitia mkono aliokuwa ameushika. Akijibu ya pili, angepaswa kusogea pembeni na kuwaonyesha mgongo. Alimfikiria mama yake akiwaeleza majirani wa Nkuhungu.

"Aneth?" alisema Madam Erica.

"Ngazi ya tatu."

"Yaani?"

"Anajitegemea."

Sista Emiliana aliinamisha kichwa kidogo. Alikuwa amesikia alichokuwa anakisubiri.

Kabla ya saa ya chakula mashuka yalikuwa yamerudi stoo. Bibi Loisi alikaa pembeni ya kitanda kisicho na shuka, amevaa kanga yake, na kwenye kitanda hichohicho alikuwa amekwisha kulazwa mama mjamzito aliyeletwa na homa. Daktari Batholomeo, kijana aliyekuwa bado katika mazoezi ya kazi, alikuwa amemruhusu bibi bila kuja kumwona. Inchaji alikuwa amemwambia kwamba mgonjwa anatembea, na waliothibitisha ni watahini.

Aneth alimkuta Sista Emiliana akifunga mlango wa stoo.

"Sista, yule bibi hawezi."

"Hawezi nini?"

"Kwenda nyumbani. Kidonda kiko wazi. Kule hana mtu. Ile kutembea alijikaza tu, kwa ajili yangu."

"Aha." Sista aliuzungusha ufunguo, akauchomoa. "Mbele ya mtahini umesema anajitegemea. Sasa unaniambia hawezi. Ulidanganya pale, au unadanganya hapa?"

Aneth aliukazia macho ufunguo.

"Maana kama ulidanganya pale, twende. Madam wako bado yuko ofisini anakunywa chai. Twende ukamwambie: nilimficha mgonjwa mgongo. Ulifikiri sikukuona? Nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa. Twende, mimi mwenyewe nitamrudisha bibi kitandani na kuomba radhi kwa daktari."

Alisubiri. Alisubiri kwa haki kabisa, wala hakumharakisha. Aneth alitazama viatu vyake vyeupe. Alitaka miguu ile itembee, na akaichukia kwa kukataa, na bado haikutembea.

"Njoo huku," sista alisema, sauti imeshuka.

Akamfungulia mlango wa baraza ya nyuma. Wanawake walikuwa wamelala juu ya kanga na mikeka, wengine wameketi kwa kuegemea ukuta, dripu zimetundikwa kwenye misumari ya dirisha. Mvua ilikuwa inaanza, na wale wa pembeni walikuwa wanajisogeza ndani kwa makalio.

"Huyu nimlaze wapi? Na huyu? Nadharia yenu inasemaje?"

Mlango ukafungwa. Aneth alipiga simu ya Filipo, haikupatikana. Akampigia mama yake, akamweleza yote isipokuwa lile la mgongo. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, kupika nilikubali, na nitapika tena. Lakini kumlaza, nimlaze wapi? Juu ya wadogo zako?"

"Nimeuliza tu, mama."

"Mtihani vipi?"

"Nimefaulu."

Mama alipiga kigelegele, na Aneth akaiondoa simu sikioni.

Kiti cha magurudumu kilikuwa kimoja kwa wodi zote za upande ule. Aneth alimkalisha bibi, akamwekea ndoo yake mapajani, akamsukuma mpaka getini, mahali magari yanapopinda kuingia barabarani. Mvua ilikuwa imepita, ikaacha harufu ya vumbi lililolowa. Mlinzi, Yoramu, alikuwa ameahidi kuulizia gari lolote linaloelekea Bahi.

"Mjukuu," alisema bibi, "walifurahi?"

"Walifurahi sana, bibi."

"Hawakufukuzi?"

"Hawanifukuzi."

"Basi imekuwa vizuri." Akaiweka sawa ndoo mapajani. "Ila hukuniambia kwamba nikitembea natoka. Ningekaa tu."

Alisema bila lawama, kama mtu anayerekebisha hesabu ndogo. Aneth alipiga magoti akamfunga kanga vizuri, kwa sababu hakuweza kumtazama, na kwa muda mrefu hakuinuka. Alitaka apigwe kofi. Ingekuwa nafuu.

Basi dogo la chuo lilikuwa limeegeshwa ndani ya geti, wanafunzi wakipanda, wakitaniana kwa sauti za watu waliotoka kwenye mtihani. Nyuma yake likaja gari jeupe, likasimama usawa wa kiti. Kioo kikashuka.

"Huyu si yule bibi yetu?" Bwana Abdulwahab alishuka, simu mkononi, uso umechangamka. "Mungu mkubwa. Wiki ijayo nina mada mbele ya wakuu wa vyuo, nadharia za uuguzi na vitendo. Nilikuwa najilaumu sikumpiga picha. Bibi, picha moja tu."

"Ananiambia nini?" bibi alimuuliza Aneth.

"Anataka picha, bibi."

"Kwenye kiti haipendezi," mtahini alisema. "Asimame."

"Amechoka, mheshimiwa. Na kidonda..."

"Dakika moja tu. Wewe mshike kwa nyuma. Chuchumaa hapo, jishushe kabisa, usionekane. Nataka aonekane kasimama mwenyewe."

Aneth alimtazama usoni. Hakuona ubaya wowote pale; aliona mtu aliyefurahishwa na kazi ya Aneth, ambaye angemtaja kwa jina mbele ya wakuu wa vyuo. Akamwinua bibi. Kisha akachuchumaa nyuma yake, akamshika kiuno kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa. Kanga ilikuwa imeshalowa. Ukamgusa shavuni, ule ubichi, bado una joto.

"Kiti kiondoe hapo kinaingia kwenye picha," alisema mtahini, na Yoramu akakivuta. Bajaji ilikuwa imefunga breki getini ikiwa na msichana aliyezimia, watu wakipiga kelele kuomba kiti, na Yoramu akakikimbiza huko.

"Kichwa juu, bibi. Cheka kidogo. Vizuri! Safi sana."

Alimwonyesha bibi simu. Aneth hakuona kitu. Alisikia tu bibi akicheka pale juu.

"Huyo ni mimi? Angalia nilivyonyooka!"

"Ni wewe, bibi. Hongera sana."

Mlango wa gari ukafungwa. Gari likapita, likarusha maji ya dimbwi, likashika barabara. Aneth aligeuza shingo kutafuta kiti, hakikuwepo. Ukingo wa kukalia ulikuwa ng'ambo ya mtaro. Hakuna gari la Bahi lililokuwa limesimama. Mguu mzima wa bibi ulikuwa umeanza kulegea, uzito wote ukishuka kwenye mikono yake.

Basi la chuo lilipiga honi. Madam Erica alitoa kichwa dirishani, anacheka, akapiga makofi ya kumharakisha.

"Aneth! Muuguzi wetu! Panda, tunachelewa!"

"Wanakuita," alisema bibi.

"Nasikia, bibi."

"Nenda basi. Watakuacha."

Honi ikapigwa tena. Aneth akakaza mikono, magoti yamezama kwenye tope, na basi likaanza kusogea taratibu kuelekea getini, mlango wake wazi, likimngoja.